Wasiozaliwa wanamdai nani?

Tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake ya ushauri kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mjini The Hague tarehe 23 Julai 2025, imekuwa kawaida kusikia kwamba vizazi vijavyo sasa vimepata haki zinazotambuliwa na sheria ya kimataifa. Wanaounga mkono husema hivyo kwa shangwe, wanaopinga husema hivyo kwa wasiwasi, na pande zote mbili zimeisoma hati hiyo vibaya. Majaji walieleza kuwa usawa baina ya vizazi ni msingi wa kuongoza tafsiri ya kanuni zilizopo; hawakumpa mtu ambaye hajazaliwa nafasi ya kudai chochote mbele ya mahakama yoyote. Uzito wa maoni hayo uko katika sehemu isiyotajwa sana, ile inayosema kwamba nchi zilizopo leo zina wajibu wa kuzuia madhara makubwa kwa mfumo wa hali ya hewa kwa uangalifu wa kiwango cha juu, na kwamba nchi inayokiuka wajibu huo inaweza kutakiwa kuacha ukiukaji wake na, pale masharti ya sheria yanapotimia, kulipa fidia.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayetunga sera, kwa kuwa inaonyesha nguvu ya ulinzi wa vizazi vijavyo inatoka wapi. Ninavyoona mimi, kila mahali ambapo watu wa baadaye wamelindwa kwa vitendo, palikuwa na mtu au taasisi hai iliyobebeshwa wajibu wenye kiasi na tarehe, na palikuwa na mtu mwingine hai aliyeweza kwenda kuudai. Palipokosekana mmoja kati ya hao wawili, maneno mazuri kuhusu watoto na wajukuu yalibaki kuwa mapambo ya utangulizi. Kwa hiyo mjadala unaotawala hivi sasa, wa nani awe msemaji wa wasiozaliwa na kama wana haki au hawana, unatumia nguvu nyingi mahali pasipohitaji.

Maneno yenyewe ni ya zamani. Katiba ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945 inaanza kwa azma ya kuviokoa vizazi vijavyo na janga la vita. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Desemba 1946, nchi zilizokuwa zikiwinda nyangumi zilitia saini mjini Washington mkataba ambao utangulizi wake unatambua maslahi ya mataifa ya dunia katika kuhifadhi hazina hiyo ya bahari kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mkataba huo unafaa kuangaliwa kwa karibu, maana haukuishia kwenye maneno: uliweka na kiasi. Mawindo ya Antaktika yaliwekewa kikomo cha vipimo 16,000 kwa msimu, ambapo nyangumi buluu mmoja alihesabiwa sawa na nyangumi wawili wa jamii inayomfuata kwa ukubwa, au sita wa jamii ndogo zaidi. Lakini kikomo hicho kilikuwa cha wote kwa pamoja. Hakikugawanywa kwa nchi, wala kwa jamii za nyangumi, hivyo kila kundi la meli lilikuwa na sababu ya kukimbia mbele ya wenzake na kumsaka kwanza yule mkubwa kabla hesabu haijafungwa. Wanasayansi walionya katika miaka ya 1950. Nyangumi buluu wa Antaktika wakaja kulindwa katikati ya miaka ya 1960, walipokuwa wamebaki wachache mno kiasi kwamba kuwawinda hakukuwa na faida tena. Usitishaji wa uwindaji wa kibiashara ulipigiwa kura mwaka 1982, miaka 36 baada ya ahadi. Somo ninalolipata hapo ni kali kuliko lile linalotajwa kwa kawaida, kwamba ahadi zilikosa takwimu. Takwimu ilikuwepo. Aliyekosekana ni mdaiwa, kwa sababu deni la wote halikuwa deni la yeyote.

Tulinganishe sasa kesi mbili zinazotajwa pamoja mara nyingi kana kwamba ni ndugu. Ya kwanza ni ya Ufilipino. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba watoto waliowakilishwa na wazazi wao, wakiongozwa na wakili Antonio Oposa, waliweza kufungua shauri kwa niaba yao wenyewe na kwa niaba ya vizazi ambavyo bado havijazaliwa, wakitaka leseni za ukataji miti zifutwe. Uamuzi huo umenukuliwa duniani kote, na kwa haki, kwa kuwa ulifungua mlango ambao haukuwahi kufunguliwa. Kisichonukuliwa ni kilichofuata: mahakama ilikuwa imeamua tu kwamba walalamikaji wana nafasi ya kusikilizwa, shauri likarudishwa mahakama ya chini, na huko halikuendelezwa. Hakuna leseni iliyofutwa kwa amri ya kesi hiyo.

Ya pili ni ya Ujerumani. Mwezi Machi 2021 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba sheria ya tabianchi ya nchi hiyo ilikuwa na kasoro ya kikatiba, na vichwa vya habari vikasema vizazi vijavyo vimeshinda. Ukweli ni kwamba majaji hao walikuwa wabahili kuliko wenzao wa Ufilipino. Walisema wazi kuwa wasiozaliwa hawana haki za msingi wanazoweza kuzidai leo, ingawa ibara ya 20a ya katiba inaibebesha dola wajibu kwao. Walioshinda walikuwa vijana walio hai. Sheria iliruhusu kiasi kikubwa cha hewa chafu kitumike kabla ya mwaka 2030 bila kueleza mzigo uliobaki ungebebwaje baada ya hapo, na mahakama ikaona kwamba serikali ilikuwa inatumia mapema uhuru ambao vijana hao wangeuhitaji wakiwa watu wazima. Kilichofuata kilikwenda haraka kwa namna isiyo ya kawaida katika siasa za tabianchi: katika wiki chache lengo la kupunguza hewa chafu kufikia mwaka 2030 lilipandishwa hadi asilimia 65 likilinganishwa na mwaka 1990, na mwaka wa kufikia ulinganifu wa hewa chafu, yaani kutotoa zaidi ya inayoondolewa angani, ukasogezwa kutoka 2050 hadi 2045. Mahakama iliyowapa wasiozaliwa heshima kubwa zaidi kwenye karatasi haikubadili kitu msituni. Ile iliyowanyima haki lakini ikambana mdaiwa kwa tarehe ilibadili sheria ya nchi.

Wapo wanaojibu kwamba njia bora si mahakama bali ofisi: kamishna, mtetezi, mjumbe maalumu. Nina huruma na hoja hii, lakini historia yake haitii moyo. Israel iliunda tume ya vizazi vijavyo ndani ya bunge lake mwaka 2001. Kamishna wake wa kwanza alipomaliza muda mwaka 2006 hakupatikana mrithi, na baadaye sheria yenyewe ikafutwa. Hungaria ilimweka kamishna wa bunge mwaka 2008 mwenye mamlaka ya kweli ya kuchunguza na kuingilia kati, na kufikia mwaka 2012 ofisi hiyo ilikuwa imeshushwa kuwa naibu ndani ya ofisi nyingine. Ofisi inayowaudhi wenye madaraka kwa niaba ya watu wasiopiga kura haina wa kuililia siku inapofutwa. Wales, ambayo sheria yake ya mwaka 2015 ndiyo inayosifiwa zaidi, imedumu kwa sehemu kwa sababu kamishna wake hana uwezo wa kuzuia uamuzi wowote. Hata hivyo sheria hiyo ina kitu ambacho wasifiaji wake hukipita haraka: inaibebesha kila taasisi ya umma wajibu wa kuweka malengo yake, kuyachapisha na kuyatolea hesabu. Waziri Kiongozi Mark Drakeford alipoukataa mradi wa barabara kuu ya M4 mwezi Juni 2019, kamishna alikuwa ameupinga kwa hoja za sheria hiyo, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa waziri, naye alitoa sababu za gharama pamoja na za mazingira. Kamishna alisaidia. Kumhesabia ushindi wote ni kuipa ofisi yake sifa isiyoweza kuibeba siku waziri mwingine atakapoamua vinginevyo.

Upande wa wanaopinga una hoja za uzito tofauti, na iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba asiyekuwepo hawezi kuwa na maslahi yanayolindwa na sheria, na kwamba hata hatujui atataka nini. Sehemu ya kwanza ingewashangaza mafakihi wa Kiislamu, ambao kwa karne nyingi wamezuia fungu la mirathi kwa ajili ya mimba ya mjane hadi mtoto azaliwe, na ambao kanuni zao za wakfu zinamruhusu mtu kuweka mali ambayo wajukuu wa wajukuu zake watanufaika nayo. Ingewashangaza pia wanasheria wa jinai, kwa sababu hakuna mahakama itakayomwachilia mtu aliyetega bomu shuleni kwa utetezi kwamba watoto waliouawa walikuwa hawajazaliwa siku ya kutega. Sehemu ya pili ni ya ajabu zaidi. Hatujui watu wa mwaka 2125 watapenda mavazi gani au watasali vipi, lakini tunajua watakunywa maji, watakula kinachoota kwenye udongo na watahitaji hewa isiyowaua. Na kwa yale tusiyoyajua, kutojua kwetu ni sababu ya kuwaachia nafasi ya kuchagua. Sioni kutojua huko kunavyogeuka kuwa kibali cha kuimaliza nafasi hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo huvaa vazi la hesabu: watu wa baadaye watakuwa matajiri kuliko sisi, kwa hiyo si haki maskini wa leo wajinyime kwa ajili ya matajiri wa kesho. Wachumi huiingiza hoja hii katika maamuzi ya serikali kupitia kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha thamani ya faida au hasara kwa kila mwaka inavyosogea mbali. Ni kipengele kidogo katika viambatisho ambavyo wabunge wachache huvisoma, na pengine hakuna namba moja yenye nguvu kubwa zaidi juu ya maisha ya wasiozaliwa. Chukua hasara ya dola milioni 1 itakayotokea baada ya miaka 100. Kwa kiwango cha asilimia 7 hasara hiyo leo inaandikwa kama dola 1,150 hivi. Kwa asilimia 3 inakuwa karibu dola 52,000. Kwa asilimia 2 inafika karibu dola 138,000. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa mwaka 2003 uliagiza hesabu zifanywe kwa asilimia 3 na 7, wa mwaka 2023 ukashusha hadi 2, na mwaka 2025 serikali mpya ikaurudisha ule wa zamani. Hakuna mwathirika yeyote wa baadaye aliyeongezeka au kupungua kati ya miongozo hiyo mitatu, lakini thamani ya madhara yake ilizidishwa mara nyingi kisha ikafutwa, bila mjadala wa maana nje ya duru za wataalamu.

Ndani ya kiwango hicho mna mambo mawili yaliyochanganywa. Moja ni matarajio kwamba uchumi utakua, na hilo lina mantiki, kwa kuwa dola moja kwa tajiri ina uzito mdogo kuliko kwa maskini. Lingine ni kumthamini mtu kidogo kwa sababu tu ataishi baadaye, na hilo sijaona lilivyotetewa kwa hoja zaidi ya kwamba ndivyo tulivyozoea. Hata lile la kwanza lina mpaka: utajiri hufidia kile kinachoweza kununuliwa. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, au jamii ya viumbe ikitoweka, mjukuu tajiri hana duka la kuinunua tena. Uingereza, kwa mfano, hutumia kiwango kinachoanza na asilimia 3.5 na kushuka kadiri miaka inavyozidi 30, jambo linaloonyesha kwamba hata wizara ya fedha inaweza kukiri udhaifu wa hesabu yake bila dunia kuanguka.

Hoja ya tatu ni ya kidemokrasia, nayo ina ukoo mrefu. Thomas Jefferson, akimwandikia James Madison mwezi Septemba 1789, alisema dunia ni ya walio hai, na akapendekeza kwamba sheria zikome zenyewe baada ya miaka 19. Tamko la haki lililotangulia Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1793, katika ibara yake ya 28, ilitamka kwamba kizazi kimoja hakiwezi kuvifunga vizazi vijavyo kwa sheria zake. Wanaopinga ulinzi wa vizazi vijavyo huyatumia maandiko hayo kusema kwamba kila kizazi kiachiwe uamuzi wake, na kwamba kanuni zilizochongwa katika katiba leo ni mkono wa wafu juu ya walio hai. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa. Hata wakfu wa familia, niliousifu hapo juu, ulifutwa Misri mwaka 1952 kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ulikuwa umefunga ardhi nyingi mahali pamoja. Lakini Jefferson alikuwa anazungumzia hasa madeni. Alichokikataa ni kizazi kimoja kula na kuwaachia wengine malipo. Na ukiifuata mantiki yake hadi mwisho, kinachowafunga walio nyuma yetu kwa minyororo mizito zaidi ni matendo yasiyorudishika. Sheria mbaya hufutwa kwa kura moja asubuhi. Kaboni iliyokwisha kupaa hukaa angani kwa karne nyingi, na hakuna bunge litakaloifuta.

Inabaki hoja ambayo ninaiona kuwa nzito kuliko zote, na ambayo watetezi wa vizazi vijavyo hawaipi nafasi inayostahili: vipi maskini aliye hai? Ni rahisi kuyatumia maslahi ya wasiozaliwa kumnyima mtoto wa leo shule au dawa kwa jina la kubana matumizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inagusa jambo hili katika ibara ya 201, inayotaka mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya ukopaji wa umma vigawanywe kwa usawa baina ya vizazi vya sasa na vijavyo. Ni kanuni ya haki, kwa kuwa inataja manufaa sambamba na mizigo. Mkopo unaojenga mfumo wa maji utakaodumu miaka 50 unaweza kabisa kulipwa kwa miaka 50, ilhali mkopo wa kulipia mishahara ya mwaka huu ni kumtuma mtoto akalipe karamu asiyoila. Shida ni kwamba kanuni hiyo haikufungwa kwa kiasi ndani ya katiba. Kikomo kiliachiwa sheria za kawaida, kikawekwa shilingi trilioni 9 mwaka 2019, kikapandishwa hadi trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 kikageuzwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Linganisha na ibara ya 70 ya katiba hiyohiyo kuhusu mazingira: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani, wala hahitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Huko mdai yupo. Kwenye deni la taifa njia ya mdai haikuandikwa wazi kiasi hicho, na kikomo kimeenda kikisogea.

Mifano ninayoiona kuwa imara ni ya kuchosha kuisoma, na labda ndiyo maana haiingii katika hotuba. Finland ina mfuko wa taka za nyuklia tangu mwaka 1988. Kampuni inayozalisha umeme kwa nyuklia hutakiwa kuweka humo, wakati umeme unauzwa, fedha za kushughulikia taka zilizokwisha kuzalishwa, na sehemu ambayo bado haijawekwa huwekewa dhamana. Taka zenyewe zitazikwa Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, mahali palipokusudiwa kudumu miaka 100,000. Hakuna aliyehitaji kuamua kama watu wa miaka 100,000 ijayo wana haki. Ilitosha kuamua kwamba aliyeuza umeme mwaka huu atalipa mwaka huu. Norwe iliunda mfuko wake wa mafuta kwa sheria ya mwaka 1990, na tangu mwaka 2001 serikali imejiwekea kanuni ya kutumia kiasi kinacholingana na faida inayotarajiwa tu, asilimia 4 kwanza na asilimia 3 tangu 2017. Bila shaka kuna kejeli ndani yake, kwa sababu akiba ya wajukuu wa Norwe imetokana na mafuta ambayo moshi wake ni mzigo wa wajukuu wa kila nchi, na hilo linaonyesha kwamba hata mfumo mzuri huwalinda wale tu walioandikwa ndani yake.

Vikomo hivyo navyo hulegezwa. Ujerumani yenyewe iliirekebisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2024 na kupunguza nguvu ya malengo ya mwaka kwa mwaka ya kila sekta, yaliyokuwa yakimlazimu waziri husika kuleta mpango wa haraka anapokosa lengo. Lakini kulegeza huko kulihitaji muswada, mjadala na kura. Utangulizi wa mkataba hauhitaji kulegezwa, kwa kuwa hakuna anayeuhofia.

Ni kwa jicho hilo ninalisoma Azimio kuhusu Vizazi Vijavyo lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mjini New York tarehe 22 Septemba 2024 pamoja na Mkataba wa Zama Zijazo. Azimio hilo limejaa kanuni ambazo ni vigumu kuzipinga, linataja pendekezo la Katibu Mkuu la kuteua mjumbe maalumu, na linapanga mkutano wa ngazi ya juu katika kikao cha 83 cha Baraza Kuu, kitakachoanza mwaka 2028, ili kuangalia utekelezaji. Serikali zikifika huko na taarifa za semina zilizofanyika na ofisi zilizofunguliwa, tutakuwa tumerudia ya mkataba wa nyangumi wa mwaka 1946. Kinachoweza kuombwa kwa kila serikali ni kifupi zaidi: kiwango cha punguzo inachokitumia katika miradi ya muda mrefu na jina la wizara iliyokichagua, orodha ya madhara yasiyorudishika ambayo sheria zake haziruhusu kupimwa kwa fedha, mifuko ambayo wanaonufaika leo wanalipia taka na uharibifu wa leo, na kiasi kilichomo, na ibara inayomruhusu raia wa kawaida kwenda mahakamani bila kusubiri adhurike kwanza. Nchi nyingi zitajaza sehemu moja au mbili na kuacha nyingine wazi, na nafasi hizo zilizoachwa wazi ndizo zitakazowaonyesha wabunge na mawakili wa nchi husika mahali pa kuanzia kazi.